Boksi Lililong'olewa

Ukienda Gerezani kutafuta spea, jifunze kwanza maana ya neno "orijino". Kwa muuza spea, orijino ni kifaa kilichotengenezwa na kampuni yenyewe, kinyume cha feki. Kinaweza kuwa kimetembea miaka kumi Japani, kikaja huku ndani ya kontena kimejaa vumbi na oili, na bado kikaitwa orijino na kuuzwa ghali kuliko kipya kilicho ndani ya boksi lake la karatasi. Kwa mwenye gari la zamani, orijino ni kitu kingine: ni kile kilichokuja na gari hilo siku lilipotoka kiwandani. Maana hizi mbili huishi mtaa mmoja bila ugomvi mpaka zikutane chini ya gari moja.

Kwetu zilikutana chini ya Volkswagen ya mjomba wangu, ile ya mgongo wa kobe yenye injini nyuma, aina ya 1300 ya mwaka 1966. Mjomba aliinunua mkononi mwa mtu alipokuwa mwalimu kijana, na hajawahi kuwa na gari jingine. Tatizo lilikuwa usukani. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka ungeweza kuuzungusha upana wa vidole vinne kabla magurudumu hayajasikia kwamba umesema kitu. Mafundi husema usukani una pleyi. Fundi wetu, mwenye kijigereji nyuma ya maduka ya spea, upande wa kuelekea Kamata, alilala chini ya gari robo saa, akatoka na hukumu: stelingi boksi limeisha. Alitafuta jingine wiki mbili, na kila alilopata lilikuwa limechoka kama hilohilo. Akashauri ang'oe mfumo wote aweke stelingi raki ya gari dogo la Kijapani.

Mjomba akakataa. "Hapana, fundi. Ukiweka stelingi ya Toyota, hili si Volkswagen tena."

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa. "Sawa, mzee wangu. Lakini ukimgonga mtu Msimbazi pale, utamwambia samahani, nimekugonga na Volkswagen halisi?"

Hakuna aliyecheka sana. Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu kila mmoja alikuwa anauliza swali lake, na kila mmoja alidhani mwenzake anajibu swali hilohilo. Mjomba aliuliza: kitu kinabaki chenyewe mpaka kibadilishwe nini? Fundi aliuliza: nani analipa kwa kitu hicho kubaki chenyewe?

Tuanze na chuma. Kwenye gari la mjomba, nguzo ya usukani ilishuka moja kwa moja hadi kwenye boksi dogo lenye mafuta. Ndani yake mlikuwa na skrubu nene, na roda ndogo iliyotembea kwenye mifereji ya skrubu hiyo. Ukizungusha usukani, skrubu inazunguka, roda inasukumwa pembeni, mkono ulio nje ya boksi unayumba kushoto au kulia, na tairodi mbili, moja ndefu na moja fupi, zinapeleka habari kwenye magurudumu. Raki ni rahisi zaidi kuieleza. Ni chuma kirefu chenye meno upande mmoja, mfano wa kitana. Mwisho wa nguzo ya usukani kuna gia ndogo, pinioni, inayouma meno hayo. Pinioni ikizunguka, chuma kile kinasogea kushoto au kulia na kuvuta tairodi pamoja nacho. Basi. Viungo ni vichache, na kila kiungo kinachopungua ni mahali pamoja pa kulegea palipoondoka.

Ni rahisi kuisikia habari hii kama ugomvi wa kale na kisasa, ambao Kiswahili kimeshautolea methali pande zote mbili. Mwenye kupenda zamani atasema ya kale ni dhahabu. Mwenye kuzicheka atasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na pengine hatagundua kwamba methali hiyo inamcheka yeye pia. Lakini raki si mpya. Citroën iliiweka kwenye gari lake la Traction Avant mwaka 1936. Morris Minor ya Uingereza ilitoka nayo mwaka 1948. Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu wengi bado wanalitaja kwa heshima, lilikuwa na raki tangu kuzaliwa. Yote hayo ni ya zamani kuliko, au ni rika moja na, gari la mjomba.

Wala barabara zetu hazikuwahi kutoa hukumu kwamba mfumo mmoja ni bora na mwingine ni takataka. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye matope na vumbi, yalishindwa na Volkswagen yenye boksi mwaka 1954, 1957 na 1962. Kisha ikaja Peugeot 404 yenye raki, ikashinda mwaka 1963, halafu mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo tatu dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Mashimo yalikuwa yaleyale. Volkswagen wenyewe hatimaye waliweka raki kwenye 1303 yao katikati ya miaka ya 1970, huku mgongo wa kobe wa kawaida ukiendelea na boksi. Kwa hiyo mtu akikwambia raki ni usaliti wa zamani, muulize zamani ipi. Na mtu akikwambia boksi ni ushamba, muulize ushamba uliwezaje kushinda Safari mara tatu.

Tukiondoa kale na kisasa, linabaki swali la mjomba, nalo ni la kweli. Wanafalsafa wana hadithi yake maarufu, iliyoandikwa na Plutarch, kuhusu meli ya Theseus iliyotunzwa Athens. Kila ubao uliooza uliondolewa na kuwekwa mwingine, mpaka watu wakaanza kubishana: hii ni meli ileile, au ni nyingine? Mtu wa Gerezani angeshangaa kusikia kwamba hilo ni fumbo. Hapa kila daladala ni meli ya Theseus. Hata Volkswagen ya mjomba ilishabadilishwa injini mara mbili, rangi mara tatu, viti vyote, na sakafu ya upande wa dereva iliyoliwa na kutu. Nilimkumbusha hayo. Nilimuuliza kwa nini injini ya gari jingine haikulifanya liache kuwa lake, lakini usukani utalifanya hivyo.

Alijibu haraka, kama mtu aliyekwisha kulifikiria. "Injini siishiki. Usukani ndio mkono wangu na mkono wake. Nimesalimiana nalo hivyo kila siku, miaka yote hii."

Unaweza kuiita hisia tu, lakini Waingereza, watu wa makaratasi, waliwahi kufikia jambo linalofanana na hilo. Kwa miaka mingi DVLA, idara yao inayosajili magari, ilitumia hesabu ya pointi kuamua kama gari lililofanyiwa marekebisho makubwa linastahili kubaki na usajili wake wa mwanzo. Chesesi ilikuwa na pointi 5. Springi na mfumo wake 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2. Injini ilikuwa na pointi 1 tu. Ili ubaki na jina lako ulitakiwa kufikisha 8. Ukitazama hesabu hiyo, mjomba hakuwa na wazimu: usukani una uzito mara mbili ya injini. Na fundi naye hakuwa na kosa: ukiondoa pointi 2 za usukani na 1 ya injini, Volkswagen bado inavuka 8 kwa nafasi nzuri. Serikali ilichukua fumbo la Athens ikalijibu kwa kujumlisha.

Lakini jibu hilo, hata likiwa sahihi, linaacha jambo nje. Pointi zinapima gari linaloangaliwa. Hazimpimi mtu anayevuka barabara mbele yake.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Naamini isiguswe hata nati. Gari lile limestaafu. Halidai barabara na barabara hailidai. Deni lake pekee ni kwa kumbukumbu, na kumbukumbu inataka kila kitu kibaki kilivyokuwa. Umbali kutoka pale hadi Gerezani ni mfupi, lakini maadili ya gari yanabadilika njiani. Gari linalotoka asubuhi kwenda sokoni Kariakoo, likapita katikati ya wasukuma mikokoteni, bodaboda, wanafunzi na mama anayevuka na beseni kichwani, lina deni jingine lililo mbele ya lile la kumbukumbu.

Na usukani, pamoja na breki, hauko sawa na vifaa vingine. Injini ikifa, gari linasimama na hasara ni yako. Usukani ukifa, gari linaendelea. Mwenye gari anaweza kusema kwa haki kabisa, "Hatari hii nimeikubali kwa sababu nalipenda gari langu." Mama mwenye beseni hakuulizwa. Hapo ndipo swali la fundi linapolipita la mjomba. Upendo wa kitu cha zamani ni jambo jema mradi gharama yake aibebe anayependa. Ukimbebesha gharama hiyo mpita njia, hata kama ni vidole vinne tu vya pleyi, unakuwa umemkopa bila kumwambia.

Ningeweza kuishia hapo na kumpa fundi ushindi. Lakini hoja hiyohiyo inamgeukia yeye, kwa sababu kuweka raki pasipo pake kunaweza kuwa hatari kuliko boksi lililochoka. Boksi la mjomba lilikuwa linazeeka kwa taratibu zinazojulikana. Kazi mbaya ya kubadilisha haina umri; inaweza kuharibika Jumatatu.

Kwanza, raki nyingine zimetengenezwa kukaa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Ukichukua ya nyuma ukaifunga mbele bila kufikiri, unazungusha usukani kulia na gari linakwenda kushoto. Hilo angalau linaonekana kabla hujatoka getini. La pili halionekani. Gurudumu likipanda na kushuka kwenye shimo, tairodi nayo hupanda na kushuka kwa tao. Kama urefu na pembe yake haviendani na mwendo wa gurudumu, kila tuta linageuza gurudumu kidogo bila mkono wa dereva. Ukifunga raki ya gari jingine na tairodi fupi zilizokuja nayo, kwenye lami laini utasifiwa. Kwenye barabara mbovu, kwa mwendo, gari litaanza kujiamulia. La tatu ni moto. Vyuma vya usukani vimefuliwa viwe vigumu kwa kipimo fulani. Ukivikata na kuvichomelea ili vifike unapotaka, joto linabadilisha ugumu huo karibu na mshono, na chuma kinaweza kupasuka siku moja bila kutoa taarifa.

Kwa hiyo wote wawili, anayeacha na anayebadilisha, wanafanya uamuzi kwa niaba ya watu wasiokuwepo. Jambo la kwanza nililojifunza pale ni kwamba uamuzi wa namna hii hauna upande usio na mkono. Kukataa kugusa ni kutenda pia.

Lililomgeuza mjomba halikuwa hoja yangu yoyote. Fundi alimwonyesha nguzo ya usukani. Kwenye gari la umri ule nguzo ni chuma kimoja kilichonyooka, kutoka kwenye boksi lililo karibu na pua ya gari hadi mbele ya kifua cha dereva. Gari likigonga kwa mbele, boksi linarudi nyuma na nguzo inakuja nalo. Mwaka 1965, Ralph Nader wa Marekani alichapisha kitabu chake Unsafe at Any Speed, na nguzo za aina hiyo zilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyashtaki. Kuanzia mwaka 1968 sheria ya Marekani ikadai nguzo inayobonyea kwenye ajali, na Volkswagen wakabadilisha ya kwao wakati huohuo. Gari la mjomba lilitangulia miaka miwili. Ukiweka raki, nguzo inabidi ikatwe na kuunganishwa kwa viungo viwili vinavyopinda, kwa hiyo haiwezi tena kuja kama mkuki.

Mjomba aliishika ile nguzo muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu na watoto nimewabeba humu miaka yote." Siku iliyofuata akampa fundi ruhusa, kwa sharti moja: asichomelee kitu chochote cha stelingi.

Fundi alikubali bila kubishana, na ndiyo sababu namheshimu. Alitengeneza kibao cha kushikia raki, akakifunga kwa bolti na vibano kwenye bomba la ekseli ya mbele. Alimpa mchongaji kipande kinachokaa katikati ya raki, ili tairodi zianzie hapo katikati na zibaki ndefu, kwa sababu aliogopa lile jambo la pili nililolieleza. Kabla ya kufunga shokapu aliinua na kushusha kila gurudumu kwa jeki, akipima kwa uzi uliofungwa mbele na nyuma kama linageuka. Lilipogeuka kidogo alishusha raki kwa shimu, akapima tena. Kazi iliyosemekana ni ya siku tatu ilichukua siku kumi na moja. Hakuna mteja ambaye angeuona ule uzi. Hakuna trafiki ambaye angeuliza habari zake. Kadi ya gari ina namba ya chesesi, namba ya injini na rangi. Haina mstari wa kuandika kwamba usukani umebadilishwa, nani kaubadilisha, na alipima nini.

Na mjomba, aliyeogopa kwamba gari lake litanyamaza? Alirudi kutoka safari yake ya kwanza akipangusa jasho. "Zamani lilikuwa linaninong'oneza," alisema. "Sasa linapiga kelele. Kila kokoto naambiwa." Ni kweli. Boksi la skrubu hufyonza mapigo ya barabara; raki huyaleta hadi mkononi. Alikuwa anaogopa kupoteza mazungumzo, kumbe alikuwa anaongezewa.

Nilidhani mambo yameishia hapo, na kumbe sehemu ngumu zaidi ilikuwa juu ya meza ya fundi, imefungwa kwenye gazeti. Ni lile boksi lililong'olewa.

Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, aliiongezea hadithi ya meli ya Theseus kipande kikali. Tuseme mtu mmoja amekuwa akiokota kila ubao uliotupwa, akauweka, na mwisho akaziunganisha mbao zote kuukuu kwa mpangilio uleule. Sasa kuna meli mbili. Ipi ni ya Theseus? Vyuoni swali hili hufundishwa kama mchezo wa akili, kwa kuwa ni nani atakayehangaika kuokota mbao zilizooza? Gerezani jibu ni jepesi: kila mtu. Hapa hakitupwi kitu. Kinachong'olewa asubuhi kinapanguswa mchana na kuwekwa mezani jioni. Mtu wa Hobbes ana kibanda, ana mkopo wa kikundi, ana watoto shuleni.

Siku ya nne boksi likapata mteja, kijana aliyekuwa na Volkswagen ya marehemu babu yake na usukani uliokwama. Alikuwa tayari kutoa shilingi 80,000. Fundi hakuwepo, alikuwepo msaidizi wake, kijana wa miaka ishirini hivi, ambaye alianza kufanya jambo ambalo naamini alikuwa ameliona likifanywa mara nyingi. Boksi lile lina skrubu ya kurekebishia juu yake. Ukiikaza, roda inasogea karibu na mifereji na pleyi inatoweka. Lakini boksi huchakaa zaidi katikati, kwa sababu magari mengi hutumia maisha yao yakienda moja kwa moja. Ukikaza mpaka katikati pasicheze, kwenye kona ambako chuma bado kinene, boksi linabana. Mteja mezani atalizungusha kidogo, ataona limekaza vizuri, atalipa. Ukweli atakutana nao akikata kona.

Fundi alirudi skrubu ikiwa nusu. Hakumgombeza. Alisema tu, "Legeza, mdogo wangu. Mzungushie mpaka mwisho aone mwenyewe."

Msaidizi akajibu kwa adabu, na jibu lake lilikuwa na akili. "Lakini bro, sisi tumeling'oa kwa sababu ni bovu. Kama tunaona ni hatari, kwa nini tunaliuza kabisa? Na kama tunaliuza, kwa nini tumwambie bovu?"

Sijasikia swali hilo likiulizwa vizuri zaidi darasani. Kama mjomba aliliacha boksi lile kwa ajili ya mama mwenye beseni wa Msimbazi, je, mama mwingine wa mtaa mwingine si mama? Usafi wa dhamira yetu ulikuwa unahamishia hatari kwenye gari la mtu mwenye pesa kidogo. Njia safi ilikuwa kulivunja kwa nyundo na kuliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini kuna ubishi pia upande huo. Boksi zima lina ganda zuri, mkono mzuri, beringi nzuri. Kulivunja ni kumwambia kijana yule kwamba gari la babu yake life, kwa sababu sisi tunataka kulala vizuri. Mji wetu umejengwa kwa vitu vilivyotupwa na watu wenye dhamira safi huko vilikotoka.

Kiswahili kilikwisha kuligusa jambo hili ndani ya neno moja. "Aibu" tunalijua kama haya, fedheha. Limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni pamoja na kasoro ya kitu. Na katika sheria za Kiislamu za biashara, zinazojulikana vizuri na wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake anatakiwa aiseme. Kasoro ya chuma ikifichwa, inahama kutoka kwenye chuma kwenda kwa mtu. Ikisemwa, inabaki kwenye chuma, mahali ambapo fundi anaweza kuishughulikia.

Ndivyo ilivyokuwa. Kijana alizungusha boksi mpaka mwisho, akaambiwa limechakaa wapi na kwa nini. Akasema ganda la boksi lake yeye ndilo lililopasuka, lakini skrubu na roda vyake ni vizima. Alihitaji nusu tu. Wakapatana shilingi 45,000, na fundi akaandika juu ya boksi kwa rangi nyeupe: KATIKATI IMEISHA. Msaidizi alitazama zile 35,000 zikiondoka na hakusema neno. Sina hakika kama alishawishika, na sioni sababu ya kumlazimisha. Hasara ile ilikuwa na sehemu yake pia.

Ninachoamini sasa ni hiki. Wapenzi wa magari ya zamani tunaumiza vichwa kuhusu uaminifu kwa gari: kama tumebadilisha mno, kama mtengenezaji angelitambua. Gari halidai uaminifu. Wanaoudai ni watu wanaolizunguka kwa duara tatu: anayepanda, anayepita mbele yake, na atakayenunua kipande chake kesho. Badilisha ukihitaji kubadilisha, acha ukiweza kuacha, lakini kila badiliko litembee na habari zake. Kama kadi ya gari haina mstari, andika daftari uliweke kwenye dashibodi: raki ya gari gani, imefungwa lini, imepimwaje. Ukiuza gari, uza na daftari. Ukiuza kilichong'olewa, sema kwa nini kiling'olewa.

Mjomba ameanza daftari lake. Ukurasa wa kwanza ameandika habari za raki kwa mwandiko wa mwalimu, na namba za bolti. Ukurasa wa pili kuna mstari mmoja, alioniomba nimhakikishie tahajia ya jina la mtaa: boksi la mwanzo limekwenda Temeke, katikati limeisha, mnunuzi ameambiwa.